Sarafu za kwenye kopo: zihesabu kabla hujazimimina

Nyumba nyingi za Nairobi zina kopo la sarafu. Chenji ya matatu, ya maziwa, ya sukuma wiki ya jioni, zote huishia humo, na kopo likijaa hakuna anayejua lina pesa ngapi. Katika chama chetu cha akiba na mikopo, wanachama wenye jamaa ng'ambo hutuuliza kuhusu mashine za kujihudumia zilizo kwenye supamaketi za Marekani na Uingereza. Unamimina sarafu, mashine inahesabu, inakutolea risiti, unaipeleka kwa keshia na kuchukua noti. Je, si njia bora?

Ni njia rahisi, ila ina gharama yake. Maarufu kati ya mashine hizo ni Coinstar, iliyoanzishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sarafu humiminwa kwenye trei yenye matundu ili vumbi na takataka zidondoke, kisha hupita moja moja mbele ya vihisi vinavyopima upana, unene na aina ya madini. Iliyopinda, ya nchi nyingine au yenye gundi hurudishwa kwenye kisanduku cha chini. Wengi husahau kukagua kisanduku hicho, wakaondoka na risiti na kuacha pesa zao pale.

Ada ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Huko Marekani, anayetaka pesa taslimu kwa kawaida hukatwa zaidi ya asilimia 10, ilhali anayekubali kadi ya kununulia bidhaa mara nyingi hakatwi kitu. Chukua mfano wa asilimia 12: kwenye sarafu za shilingi 3,000 utapoteza 360. Kwa mkazi wa Umoja au Kawangware, hiyo ni nauli ya siku mbili tatu. Tena mashine hukosea. Mwaka 2016, TD Bank ya Marekani iliziondoa mashine zake za kuhesabu sarafu baada ya majaribio ya wanahabari kuonyesha kwamba baadhi zilikuwa zikiwapunja wateja. Mteja aliyefika bila kujua jumla yake hana la kubishania.

Kwa hiyo ushauri wetu, hata kama sarafu zako zitahesabiwa na mashine iliyo nyuma ya kaunta ya benki, ni huu: zihesabu mwenyewe kwanza. Tandika gazeti mezani, zitenge kwa thamani. Ya shilingi 5 ni ndogo, ndogo hata kuliko ya shilingi 1, na watoto wanaosaidia huichanganya sana. Panga mafungu ya shilingi 100: za 20 tano, za 10 kumi, za 5 ishirini. Mtu wa pili ayarudie mafungu yote, kisha jumla iandikwe kwenye karatasi na kutiwa ndani ya mfuko uleule. Kwa kopo la kawaida hiyo ni kazi ya jioni moja.

Kabla ya kuzibeba hadi benki, piga simu tawi lako. Uliza kama wanapokea sarafu nyingi kwa mkupuo, siku gani kuna nafasi, na kama kuna ada. Epuka mwisho wa mwezi.

Lakini Nairobi sarafu zina mteja wa karibu kuliko benki. Konda wa asubuhi anayepewa noti ya 1,000 kwa nauli ya 80 anazitafuta kwa udi na uvumba. Mama mboga pia, na mwenye kioski pia. Wabadilishie mafungu yako kwa noti, mhesabiane papo hapo, na uikague noti kwenye mwanga kabla ya kuikunja. Wakala wa M-Pesa mwenye duka huenda akazipokea na kukuwekea pesa kwenye simu. Kuweka pesa kwa wakala hakuna ada. Hakuna asilimia inayopotea hapo, na jirani yako anapata chenji ya siku nzima.

Jambo hili linatugusa sana. Mteja anapopewa peremende badala ya shilingi 5 zake, sababu moja ni kwamba sarafu zimelala ndani ya makopo yetu. Una haki ya kudai chenji yako kamili, kwa upole, hata ikiwa ni shilingi moja.

Wanachama pia huuliza kuhusu sarafu za zamani. Zile zenye picha za twiga, kifaru, simba na ndovu zilizinduliwa Desemba 2018, baada ya Katiba ya 2010 kukataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Zenye sura za marais hazikufutwa. Noti za zamani za 1,000 ndizo zilizofutwa mwaka 2019. Ukikuta ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, ilitolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Itenge kando, kwa sababu makonda wengi hawaijui na wataikataa. Za Uganda na Tanzania zitoe kabla ya kuanza kupanga mafungu.