"Leseni ya kimataifa" haikuongezei muda Uingereza

Miongoni mwa Watanzania na Wakenya wanaohamia Uingereza ipo imani ya siku nyingi: ukiwa na "leseni ya kimataifa" na kuihuisha kila mwaka, utaendesha gari bila kikomo. Sivyo. Kile kijitabu ni tafsiri tu ya leseni yako ya nyumbani. Peke yake hakina kazi.

Kinachohesabiwa ni ukaazi. Ukishakuwa mkaazi, leseni ya Kenya au Tanzania inakubalika kwa miezi 12 kwa gari dogo. Kwenda Moshi kwa Krismasi na kurudi hakuanzishi hesabu upya, hata muhuri wa pasipoti ukiwa mpya.

Baada ya hapo unahitaji leseni ya mwanafunzi kutoka DVLA (mamlaka ya leseni za udereva ya Uingereza), ufaulu mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Wenye leseni za Afrika Kusini na Zimbabwe hubadilishiwa bila mtihani. Sisi hatumo kwenye orodha hiyo. Inaudhi, hasa kwa dereva mzoefu. Ndiyo maana ni vizuri kuanza mapema: muda ukiisha kabla hujafaulu, utaendesha na bango la L, pembeni yako amekaa mtu wa miaka 21 au zaidi aliyekaa na leseni kamili miaka 3.