Kitabu kipya naanza kukisoma nyuma ya ukurasa wa jina

Mezani kwangu wiki hii pana vitabu vipya vinne: diwani nyembamba, riwaya ya upelelezi, kitabu cha watoto na kumbukumbu za mwalimu mstaafu. Vyote ni vya wachapishaji wadogo wanaojitegemea. Mimi ni mhariri, na kabla ya kusoma sifa za jalada la nyuma nafunua kwanza ukurasa wa hakimiliki. Pale hakuna anayenibembeleza ninunue.

Tazama ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13. Baada ya 978 huja namba ya nchi: 9976 au 9987 ni Tanzania, 9966 Kenya, 9970 Uganda. Tarakimu ya mwisho kabisa ni ya kuhakiki kama namba imeandikwa sawasawa. Katikati hubaki nafasi tano, ambazo mchapishaji na kitabu hugawana, na hapo ndipo penye utamu. Mchapishaji akichukua nne, kitabu hubakiwa na moja, yaani vitabu kumi tu. Mkuki na Nyota, nyumba ya uchapishaji aliyoianzisha Walter Bgoya Dar es Salaam mwaka 1991, ilikuwa na 9976-973, nafasi ya vitabu 100. Baadaye ikatumia 9987-08, nafasi ya 1,000. Unaiona nyumba ikikua bila kusoma historia yake. Riwaya yangu ya upelelezi ina tarakimu moja tu ya kitabu, nayo ni 2. Mchapishaji huyu ndiyo kwanza anatambaa. Herufi zilizoruka namsamehe. Muuaji anayejulikana ukurasa wa thelathini, hapana.

Diwani ina kurasa 64, na si kwa bahati. Karatasi kubwa ya mashine ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, kwa hiyo vitabu vingi huangukia 64, 80, 96. Mashairi yakiisha mapema, mhariri huacha kurasa nyeupe au humwomba mshairi aongeze. Mawili ya mwisho humu yananuka kuongezwa. Bora zingebaki nyeupe.

Cha watoto kimeandikwa "chapa ya pili", si "toleo la pili": maandishi hayakuguswa, nakala za mwanzo zilikwisha tu. Dalili njema.

Kumbukumbu za mwalimu hazina ISBN kabisa. Alipeleka mswada moja kwa moja kwa mpigachapa, bila kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba inayotoa namba hizo, na sasa muuza vitabu akikitafuta kwenye kompyuta hakioni. Nacho ndicho bora kuliko vyote vinne. Nilikimaliza usiku mmoja. Nikampigia.

"Shikamoo, mwalimu. Vimebaki vingapi?"

"Marahaba. Arobaini hivi, viko chini ya kitanda. Unataka vingapi?"