Nataka tairi laini: dhana potofu za dukani na ukweli wake

Ukitoka mjini Unguja kwenda Paje unapita lami, unakutana na matuta ya Jozani yaliyowekwa kuwanusuru kima punju, kisha unaacha barabara kubwa na kuingia njia ya mawe ya matumbawe mpaka ufukweni. Pemba nako, njia za kuingilia vijijini pembeni mwa barabara ya Chake Chake na Wete zina mashimo ya kutosha kumchosha abiria mzima, seuze mgonjwa au mama mjamzito. Kwa hiyo mtu akifika dukani na kusema "nataka tairi laini", ombi lake ni la haki kabisa. Tatizo ni ushauri anaopewa.

Kabla ya yote, jambo moja lishikwe vizuri: gari haibebwi na mpira, inabebwa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira. Ulaini unategemea upepo huo ni mwingi kiasi gani, una msukumo gani, na ubavu wa tairi unaruhusiwa kucheza kiasi gani. Nyingi ya dhana zilizopo hapa chini zinakosea kwa sababu zinasahau hilo.

"Mwambie fundi apunguze upepo, gari italainika"

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Ukipunguza PSI 2 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo) utahisi tofauti kidogo kwenye viraka vya lami. Lakini watu hawaishii 2. Gari inayotakiwa 32 inapelekwa 24 au 22, na hapo balaa linaanza.

Tairi lenye upepo mdogo hukunja ubavu wake kila linapozunguka. Kukunjwa huko kunazaa joto, na joto linajijenga ndani, baina ya tabaka za nyuzi, mahali usipoweza kupaona. Fikiria Februari, kaskazi imepamba moto, lami inawaka, na gari ina watu watano na mizigo yao wanakwenda Nungwi. Ubavu unachoka ndani kwa ndani kabla ya kuonesha dalili yoyote nje, na siku ukipasuka hautoi taarifa.

Halafu kuna shimo. Upepo ukiwa mdogo, ukingo wa shimo unausukuma mpira hadi unakutana na rimu. Ubavu unabanwa baina ya chuma na jiwe, nyuzi zake zinakatika, na baada ya siku mbili tatu unaona nundu imetokeza ubavuni. Nundu hiyo ina maana kwamba pale hakuna tena nyuzi zinazoshikilia, ni mpira mtupu unaozuia upepo. Haizibiki, haitiwi kiraka, na kuweka tyubu ndani hakuiponyi. Tairi hilo litolewe.

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, kwa hiyo kibandiko kinaonesha kPa, wakati geji ya fundi inasoma PSI. Zidisha kPa kwa 0.145: 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Pima asubuhi kabla gari haijatembea, au baada ya kusimama saa tatu kivulini. Ukipima baada ya safari utakuta geji imepanda PSI 3 hadi 5; hiyo ni kazi ya joto, usiitoe. Ukiitoa, tairi likipoa litakuwa chini ya kipimo.

Na hapa pana jambo ambalo wenye gari wengi hawalijui: mara nyingi gari inayolalamikiwa kuwa ngumu imejazwa upepo kupita kiasi. Ubavuni mwa tairi pameandikwa MAX PRESS na namba, mara nyingi 44 au 51. Fundi anaisoma na kujaza hapo hapo, "ili lisipate pancha ovyo". Namba ile ni ukomo wa tairi lenyewe, na tairi halijui limefungwa kwenye gari gani. Vitz iliyojazwa 44 itagonga kila jiwe, na kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zitaisha katikati huku za pembeni zikiwa bado nzima. Kabla hujatoa hata shilingi kununua matairi mapya, pima uliyonayo na urudishe upepo kwenye kipimo cha kibandiko. Wapo ambao shida yao inaishia hapo.

Mchanga ndio mahali pekee pa kushusha upepo kwa makusudi. Njia ya ufukweni yenye mchanga mzito inakubali PSI 18 au 20, kwa mwendo wa pole na bila kukata kona kali. Uwe na pampu ndani ya gari, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

"Rimu kubwa zinaifanya gari itulie"

Zinaifanya ipendeze, hilo halina ubishi. Ulaini zinaupunguza, na hesabu yake iko wazi. Chukua saizi ya Noah, 195/65 R15. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. R ni mpangilio wa nyuzi. 15 ni rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 195 ni takriban milimita 127. Huo ndio mto wa upepo uliopo baina ya rimu na barabara.

Ukihamia 205/55 R16, ubavu unashuka hadi milimita 113. Ukienda 215/45 R17, unabaki na 97. Tairi zima kwa nje lina kimo kinachokaribiana sana (milimita 634, 632 na 625), kwa hiyo kwa macho unaona gurudumu ni lile lile, kumbe umeacha karibu robo ya ubavu na mahali pake pamekaa chuma. Mara nyingi gurudumu lenyewe pia linakuwa zito zaidi, na gurudumu zito linapopigwa na jiwe humpa shokapu kazi kubwa ya kulirudisha chini. Kwenye mawe ya maweni, milimita 30 zilizopotea ni tofauti baina ya kupita na kupinda rimu.

Kwa anayetafuta raha, njia ni ya kinyume: baki na rimu ndogo kabisa ambayo mtengenezaji wa gari aliiidhinisha kwa modeli yako na inayopita juu ya breki bila kugusa. Ukitaka kuongeza kidogo, 205/65 R15 badala ya 195/65 R15 inakupa ubavu wa milimita 133, na tairi zima linakua kwa asilimia 2 tu. Spidi mita itasoma 50 wakati unakwenda 51. Usivuke asilimia 3. Na kabla ya kulipa, funga tairi moja mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, na uangalie kama linasugua plastiki ya ndani ya madigadi.

"Chukua tairi la mzigo, ndilo linalohimili barabara zetu"

Ushauri huu unatolewa kwa nia njema na unaharibu gari nyingi za familia. Baada ya saizi, ubavuni kuna namba kama 91H. Namba 91 ni uwezo wa kubeba: kilo 615 kwa kila tairi. 94 ni kilo 670. Herufi ni ukomo wa mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa, ambazo huku hatuna haja nazo.

Ukiona LT mwishoni, au C baada ya inchi za rimu, au 8PR, hilo ni tairi la kubebea mizigo. Ubavu wake una tabaka ngumu zaidi, umetengenezwa ufanye kazi kwenye upepo mkubwa na uzito mkubwa. Ukilifunga kwenye gari ndogo yenye watu wawili, ubavu haupindi, na kila kokoto linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. XL (tairi la kawaida lililoongezewa uwezo wa kubeba) nalo ni la kati: ubavu umekazwa kidogo kuliko tairi la kawaida la saizi hiyo. Kama kibandiko chako hakidai XL na dukani lipo la kawaida lenye namba ya uzito inayotosha, chukua la kawaida.

Lakini msigeuze jambo hili upande wa pili, hasa wenye HiAce za watalii wanaotaka kuwafurahisha wageni. HiAce nyingi hutumia 195/80 R15 yenye 107/105, ambapo 107 ni kilo 975. Mtu akiivisha 195/65 R15 ya 91 ili ilainike, matairi manne yanakuwa na uwezo wa kilo 2,460 kwa jumla. Gari tupu huwa karibu tani 1.8, weka abiria 14 wa kilo 70 kila mmoja na umeshapita kilo 2,700 bila mabegi. Hapo ulaini umenunuliwa kwa roho za watu. Raha ya HiAce itafutwe kwenye shokapu nzima na upepo sahihi, kamwe si kwa kushusha uwezo wa tairi.

"Mtumba wa Japani ni laini kuliko jipya la bei nafuu"

Huenda lilikuwa laini lilipokuwa jipya. Mpira unakauka kwa miaka, joto na jua, hata ukiwa stoo. Tafuta ubavuni herufi DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze kabla halijafungwa. Bonyeza ukucha kwenye kashata: mpira mzima unakubali kidogo na kurudi, uliokauka unakuwa kama pembe. Chunguza na nyufa ndogo chini ya kashata. Tairi la miaka minane lenye kashata ndefu linavutia macho, ila linaunguruma, linagonga, na siku ya mvua ya masika halishiki lami.

Mtumba wa hatari zaidi ni ule unaoonekana laini kweli. Ukikuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, mara nyingi hilo ni tairi la majira ya baridi. Mpira wake umechanganywa ubaki laini chini ya nyuzi joto 7, kiwango ambacho Zanzibar hakijulikani. Kwenye joto letu kashata zake, zilizochanjwa mistari mingi myembamba ya kukunjakunja, zinalegea na kuyumba. Breki inachukua masafa marefu zaidi, na tairi linaisha upesi.

"Kampuni ikiwa na jina, tairi lolote lake ni zuri"

Kampuni moja hutengeneza matairi ya kazi tofauti. Bridgestone ina Turanza kwa utulivu na Potenza kwa wapenda mwendo. Michelin ina Primacy na Pilot Sport kwa mgawanyo kama huo. Uliza aina, usiishie kwenye jina. Na zile kashata kubwa za matairi ya A/T (njia za kila aina) na M/T (matope) zinazoipa Escudo sura ya kibabe zinafaa matope na mawe. Kwenye lami zinaunguruma.

"Upepo wa naitrojeni unalainisha"

Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. PSI 32 ni PSI 32, iwe ya gesi gani. Pesa hiyo nunua geji yako mwenyewe.

"Nimefunga mapya na bado inagonga, basi tairi ni feki"

Sikiliza inagonga vipi. Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa na kutulia ukipunguza, ni balansi, au rimu imepinda. Sauti moja kavu kila unapoingia shimoni inaelekeza kwenye bushi, boljointi au linki za stabilaiza. Gari ikiendelea kuruka mara mbili tatu baada ya tuta, shokapu zimekwisha. Muungurumo usiobadilika hata lami ikibadilika unaweza kuwa beringi.

Tairi jipya likipoteza upepo polepole, kwetu visiwani shaka ya kwanza iwe rimu ya alumini. Chumvi ya bahari huila pale mdomo wa tairi unapokaa, na upepo hupenya kwenye vinundu vya kutu nyeupe. Fundi apasugue kwa brashi ya waya hadi pawe laini kabla ya kufunga, na abadilishe valvu za mpira wakati huo huo, kwani ni za bei ndogo.

Ukiwa na uwezo wa kununua mawili tu, yafungwe nyuma, hata kama gari inavutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari inageuka na dereva wa kawaida hana la kufanya. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe nati tena. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo cha kukazia ni Nm 103 (fundi hukisoma kwenye spana ya kupimia), na asubuhi inayofuata upimwe upepo wa matairi yote, la spea likiwemo.