Kwa nini chuo cha George Berkeley hakikujengwa Bermuda?

Je, wajua kwamba mji wa Berkeley, California, wenye chuo kikuu kinachojulikana dunia nzima, una jina la mtu aliyeshindwa kuanzisha chuo?

George Berkeley alikuwa mwanafalsafa wa Ireland na kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1724 alichapisha pendekezo la kujenga chuo katika visiwa vya Bermuda, ambako vijana wa walowezi wa Kiingereza na wa wenyeji asilia wa Amerika wangesomeshwa dini, historia, ufasaha wa kusema na hisabati. Alijua kushawishi. Mwaka 1725 Mfalme George wa Kwanza alimpa hati ya chuo, na mwaka uliofuata Bunge likamwahidi pauni 20,000.

Kilichokwamisha mambo ni ahadi hiyo hiyo. Pesa zenyewe hazikuwepo hazinani. Zilitarajiwa kutokana na mauzo ya ardhi ya kisiwa cha St Kitts, ambayo Ufaransa iliiachia Uingereza mwaka 1713, na wa kuidhinisha malipo alikuwa waziri mkuu Robert Walpole, ambaye mpango huo haukumpendeza. Bunge lilitoa neno. Ufunguo wa kasha ulibaki kwa Walpole.

Hapo ndipo Berkeley alipofanya kosa ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Septemba 1728, kabla hajapokea hata senti ya serikali, alipanda meli akaondoka. Silaha yake ilikuwa ni kukaa na wakubwa ana kwa ana, naye akaiweka bahari nzima kati yake na wao. Januari 1729 alifika Newport, Rhode Island, akanunua shamba, akajenga nyumba aliyoiita Whitehall, akasubiri. Bermuda kwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Na hata pesa zingekuja, mahali palikuwa pabaya. Bermuda iko kama kilomita 1,000 kutoka bara, na haikuwa na wenyeji asilia. Hao wanafunzi wangetoka wapi? Pendekezo lenyewe lilitaja hata kuteka watoto wa maadui. Inauma kusoma hivyo katika waraka unaozungumzia elimu. Akiwa Rhode Island alinunua pia watumwa, na kwa sababu hiyo Chuo cha Trinity cha Dublin, alikosoma na kufundisha, kiliondoa jina lake kwenye maktaba mwaka 2023.

Hatimaye Askofu wa London, Edmund Gibson, alimuuliza Walpole waziwazi. Walpole akamjibu kwamba, akisema kama waziri, pesa zitalipwa wakati utakapofaa. Lakini akisema kama rafiki, Berkeley asizingoje, arudi nyumbani. Berkeley akarudi mwaka 1731. Pauni 80,000 za ardhi ya St Kitts zikatumika kumwoza Binti Mfalme Anne.

Shamba la Whitehall alikipa chuo cha Yale ili kodi yake isomeshe wanafunzi, akaongeza na vitabu zaidi ya 800. Alikuwa pia ameandika shairi kuhusu ustaarabu unaosogea kuelekea magharibi. Shairi hilo ndilo lililokumbukwa mwaka 1866 na wadhamini wa Chuo cha California, walipokuwa wakitafuta jina la mji utakaokizunguka chuo chao.