Kuhami Kuta za Ndani za Boti ya Kuishi Ziwa Victoria: Dhana Potofu na Ukweli

Watu wanaoishi ndani ya boti za tanga hapa Mwanza ni wa kuhesabu, na labda ndiyo maana ushauri mwingi unaowafikia umetoka mbali. Mtu ananunua boti kuukuu, anaivuta nchi kavu, anabandua kuta za ndani zilizooza, anataka kuzihami upya, yaani kuziwekea tabaka la kuzuia joto na baridi, kisha anafungua simu na kutazama video za watu wanaolala botini majira ya baridi Uingereza au Uholanzi, maji ya nje yakiwa na nyuzijoto 5 na jiko likiwaka kabini usiku kucha. Wale wanasema kweli kwa maji yao. Sisi wa karibu na ikweta tukiwafuata neno kwa neno tunaishia na kabini iliyopungua kimo, yenye harufu ya ukungu, na mbao zinazooza nyuma ya ukuta mpya unaong'aa vanishi. Dhana nyingine ni za kwetu wenyewe, zimezaliwa dukani na kijiweni.

"Baridi ya maji ndiyo inayopenya ubavuni"

Maji ya juu ya ziwa upande wetu huwa na nyuzijoto kama 24 hadi 27 sehemu kubwa ya mwaka. Ubavu ulio chini ya maji hauna baridi ya kuzungumzia. Chukua kabini yenye nyuzijoto 26 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida watu wawili wakiwa wamelala na mlango umefungwa. Hewa hiyo huanza kuacha matone juu ya kitu chochote chenye nyuzijoto 22 au pungufu. Maji ya ziwa hayashuki hadi hapo. Kinachoshuka ni sitaha, ile sakafu ya juu ya boti ambayo ndiyo paa la kabini. Usiku usio na mawingu, sitaha hupoteza joto lake kuelekea angani hadi inakuwa ya baridi kuliko hewa iliyoizunguka, na ndiyo sababu alfajiri unakuta umande juu yake na matone chini ya dari, palepale usawa wa mto wako wa kulalia.

Mchana ni sitaha hiyohiyo. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linasimama utosini, na miezi mingine haliendi mbali sana. Mbavu za boti hupata jua la asubuhi na la jioni; lililobaki lote linaangukia juu. Sitaha ya rangi nyeusi au bluu iliyokolea inaweza kupita nyuzijoto 60.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kuhami sehemu moja tu, ahami dari. Na kabla ya dari, apake sitaha rangi nyeupe na kutundika turubai kutoka mlingotini hadi tezi, yaani nyuma ya boti, likiacha nafasi ya upepo kupita chini yake. Turubai linazuia jua lisiiguse boti kabisa, kazi ambayo foamu yoyote ya ndani haiwezi, kwa sababu foamu inaanza kupambana na joto likiwa tayari limeshaingia kwenye sitaha. Halipendezi kwenye picha, nakubali.

"Kihami kikizidi unene, boti inazidi kuwa baridi"

Inazidi, lakini kwa kiasi kinachopungua haraka. Hesabu ya haraka ya dari ya faiba: milimita 20 za foamu nzuri hushusha joto linalopita hadi karibu robo ya lile la mwanzo. Ukiongeza milimita 20 nyingine, unafika kama asilimia 15. Yaani safu ya kwanza imefanya karibu kazi yote, na ya pili imekula kimo. Kwenye kabini ambayo mtu mrefu tayari anainama, sentimita hizo mbili utazilipia kwa kichwa kila asubuhi. Milimita 20 hadi 25 darini zinatosha. Ubavuni, juu ya mstari wa maji, hata 10 si haba. Chini ya mstari wa maji mimi siweki kitu, isipokuwa kwenye boti ya chuma, ambayo ina kanuni yake kama utakavyoona.

"Ile karatasi ya fedha yenye mapovu inatosha peke yake"

Inafaa ikiwa uso wake unaong'aa umetazama nafasi ya hewa, kama sentimita mbili hivi. Ikibanwa kati ya mbao mbili, mng'ao hauna kazi tena na unabaki na plastiki nyembamba.

"Jasho likitoka ukutani, ziba kila tundu"

Hii ndiyo dhana inayoharibu boti nyingi kuliko zote, na inatokana na hofu ya kweli: mtu anaona maji, anadhani yametoka nje. Mara nyingi yametoka kwake. Watu wawili waliolala usiku kucha hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho. Kila kilo ya gesi ya kupikia inayoungua hutoa mvuke wa kilo moja na nusu hivi. Ongeza sufuria la ugali, taulo, nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu masika hayakati. Ukiziba matundu, maji hayo yote yanatafuta mahali pa kukaa, na yanapapata: nyuma ya kihami chako, kwenye ile sehemu moja ambayo foamu haikukutana vizuri na taruma, ule ubavu wa ndani unaoshikilia umbo la boti.

Dawa ni njia mbili za hewa, moja chini upande mmoja wa kabini na nyingine juu upande wa pili, zinazobaki wazi hata mvua ikinyesha, yaani zenye kofia. Ziwekee neti. Mbu wa ziwani hawana mzaha, na wale wadudu wanaotanda juu ya maji kama moshi hufuata taa usiku. Lakini neti inapunguza upepo sana, basi tundu liwe kubwa kuliko unavyodhani, na feni ndogo ya volti 12 inayoendeshwa na sola ikae kwenye tundu la juu.

Kuna hatari nyingine ambayo haihusiani na ukungu. Kabini iliyozibwa vizuri ikiwashwa jiko la mkaa inaua watu usingizini. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hushuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kutulia. Ukuta mpya usizibe njia ya hewa ya ngama, na mtungi usikae ndani.

"Maji hayana chumvi, kwa hiyo mbao iko salama"

Nusu yake ni kweli. Yule funza wa baharini anayetoboa mbao, ambaye Pwani wamepambana naye kwa deheni, mafuta ya kupaka vyombo, tangu zamani, haishi katika maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa hili. Chuma nacho kwa kawaida hupata kutu polepole zaidi ziwani kuliko baharini. Ila kuoza ni kazi ya kuvu, na kuvu hupenda maji yasiyo na chumvi. Wajenzi wa meli za mbao Marekani enzi za tanga walikuwa wakijaza chumvi ya mawe kati ya mataruma makusudi ili mbao zisioze. Boti ya ziwani haina kinga hiyo hata tone, na maji mabaya zaidi kwake ni ya mvua, yanayopenya sitaha na kushuka taratibu nyuma ya ukuta.

Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi, iwe mvule au mti wa kawaida. Swali la msingi kwa boti ya mbao iliyokalafatiwa, yaani iliyozibwa mianya kati ya mbao, basi, ni jinsi ubao utakavyokauka ukishalowa, kwa sababu kulowa utalowa. Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi: usibandike chochote moja kwa moja kwenye mbao za ubavu. Mbao hizo hutanuka na kusinyaa, na mahali zinapovuja ni lazima paonekane. Piga fito za mbao juu ya mataruma, acha nafasi kati ya fito na fito, acha uwazi juu karibu na sitaha na mwingine chini karibu na ngama ili hewa ipande yenyewe nyuma ya ukuta. Foamu ya kopo inayovimba ndiyo mbaya kuliko zote hapa. Inajaza kila pengo, inakamata maji, na baada ya miaka michache unachokoa uji wa mbao kwa bisibisi.

Boti ya chuma inataka kinyume chake. Huko hewa yenye mvuke isifike kabisa kwenye bati: kutu isuguliwe hadi chuma cheupe, rangi ya epoksi ipakwe, kisha foamu igandishwe yote bila pengo, ikifunika na mataruma, maana chuma hupitisha joto mara nyingi mno kuliko mbao na taruma lililoachwa wazi litatoa jasho peke yake. Foamu iishie juu kidogo ya ngama, maji yapate njia. Na anayetaka kuchomelea upande wa nje akumbuke kilicho ndani. Boti ya faiba iko katikati: haiozi, unaweza kubandika, ila piga msasa kwanza uondoe mabaki ya sponji kuukuu inayomomonyoka. Vaa barakoa, vumbi la faiba si la kuvuta. Ukikuta mbao ngumu za kijivu zenye nyuzi kwenye chombo cha zamani, usizikate wala kuzisugua, kwani zinaweza kuwa na asbesto.

"Marini bodi, jina lenyewe linasema ni ya boti"

Jina limekosea njia. Zile mbao zenye uso laini wa kahawia au mweusi ambazo maduka ya ujenzi huziita marini bodi ni za kumwagia zege. Gundi yake inaweza kuwa nzuri, lakini katikati mara nyingi kuna matundu na mti laini unaooza haraka. Plaiwudi ya boti yenyewe, ile inayofuata kiwango cha Uingereza cha BS 1088, haina mapengo ndani na mti wake una ustahimilivu fulani, ingawa nayo huoza ukiacha kingo wazi. Kwa kuta za ndani hulazimiki kuinunua. Chukua plaiwudi ya kawaida ya milimita 4 au 6, kata kipande, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa. Kikifumuka tabaka, rudisha mzigo. Kikibaki kizima, ziba kingo zote kwa epoksi, pamoja na kila tundu la skrubu. Uzito pia uutazame: plaiwudi ya milimita 12 ni kama kilo 7 kwa mita ya mraba, na kilo zinazokaa juu, karibu na dari, zinaifanya boti iyumbe zaidi.

"Foamu ni foamu"

Godoro la sponji na pamba ya glasi hunywa maji, hazifai. Ile nyeupe ya punje, ya maboksi ya kusafirishia minofu ya sangara, ni ya bure na inavutia, lakini inayeyuka ikiguswa na petroli, thina, resini ya faiba na gundi nyingi za kontakti. Pia ina ugomvi na nyaya za umeme: ganda la plastiki la waya likilala juu yake muda mrefu, foamu huyeyuka na waya unakauka na kupasuka. Ikibidi kuitumia, pitisha waya ndani ya bomba. Ninayoipenda ni ile nyeusi ya mpira ya mafundi friji na viyoyozi. Inapinda kufuata ubavu, haipitishi mvuke kirahisi, na fundi yeyote wa viyoyozi mjini anajua inakopatikana. Kabla ya kununua foamu yoyote, choma kipande nje, mbali na boti, ukisimama upande upepo unakotoka. Ile inayoendelea kuwaka ukiondoa moto na kudondosha matone ya moto, iache dukani. Moshi wa foamu inayoungua unaua kabla ya moto wenyewe kufika.

Gundi ya viatu darini hulainika sitaha ikichemka, na foamu inaning'inia ndani ya mwaka. Ishikilie kwa fito na skrubu.

"Foamu yote hiyo, boti haiwezi kuzama tena"

Jiji linaloikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996 halipaswi kusema hivi hata kwa utani. Mita 20 za mraba za foamu ya milimita 25 ni nusu mita ya ujazo, ambayo majini inabeba chini ya kilo 500. Mkuku wa chuma, ule uti wa chini wa boti, wa tani moja na nusu peke yake, ukiwa ndani ya maji, bado unavuta chini kwa kilo 1,300 hivi. Okoa fedha ununue majaketi ya kuokolea.

"Ukuta mzuri ni ule usiofunguka"

Nyuma yake kuna vali za maji, nyaya, na vyuma vinavyoshika kamba za mlingoti kwenye ubavu. Vyuma hivyo vikilegea au mbao yake ikioza, mlingoti unaanguka. Kila kipande cha ukuta kikae kwa skrubu za stenlesi, kiwe na ukubwa wa kupita mlangoni, na kiandikwe namba kwa nyuma. Kazi ya kufunga ifanyike kati ya Juni na Agosti, kukiwa kukavu, mbao zikiwa zimeachwa wazi wiki kadhaa; kabla ya mvua za vuli fungua vipande viwili vitatu vya chini ya sitaha, upitishe mkono nyuma yake.