Je, wajua kwamba Kariakoo ni mnara wa vita?

"Pisha mzigo! Anko, pisha mzigo!" Kariakoo usipopisha, utapishwa. Jumamosi moja nilinusurika kugongwa na robota la mitumba lililokuja mbio juu ya kichwa cha kijana mwembamba, nikajibanza kwenye meza ya muuza soksi. Kwa kuwa nilishajibanza, nikamuuliza: hivi Kariakoo maana yake nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maana ya jina la babu yake. "Kariakoo ni Kariakoo, anko. Chukua soksi."

Maana ilikuwa imetoka kupita mbele yetu na robota kichwani. Neno lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Litamke haraka kwa ulimi wa Pwani na utasikia linavyogeuka. Nairobi nao wana Kariokor yao, ya asili hiyohiyo.

Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916. Wajerumani walikuwa wameshajenga ukumbi mkubwa wa soko pale, lakini vita vikaingia kabla haujaanza kazi. Waingereza wakaukuta, wakaugeuza makazi ya wapagazi wao. Vita vilipokwisha, soko likafunguliwa, ila watu walishazoea kupaita kwa jina la kambi. Ukumbi wa Mjerumani ukaja kubomolewa, likasimama jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, nalo likaungua Julai 2021. Jina halijaguswa.

Sasa, jeshi zima la kisasa, lenye mizinga na meli, lilihitaji vichwa vya watu vya nini? Sababu ya kwanza ni mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walioletwa kuvuta mizigo walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o huyo, kabla hawajafika mbali. Reli zilikuwa mbili tu, ile ya Tanga na Reli ya Kati, na jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na sababu ya kupigana kando ya reli kwa hisani ya adui. Alirudi nyuma kuelekea kusini, akavuka Rufiji, akaingia Msumbiji, na mwisho wake aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Vita Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma. Popote alipokwenda, waliomfukuza walitakiwa kula, na chakula chao kilifuata nyuma kichwani kwa mtu.

Na hapo ndipo hesabu inapotisha. Tuseme mpagazi amebeba unga wa kilo 25, naye anakula kilo moja kwa siku. Kambi ya mbele iko mwendo wa siku kumi. Akifika, ameshakula kilo kumi, na nyingine kumi azihifadhi za kurudia. Anachomkabidhi askari ni kilo tano. Sogeza kambi siku tatu mbele zaidi, na mzigo wote hautoshi hata kumrudisha yeye mwenyewe. Ofisa mwenye karatasi hiyo mezani ana njia mbili: akamate wapagazi zaidi vijijini, au apunguze posho ya walionao. Walifanya yote mawili.

Kwa hiyo wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia, wakilala kwenye mvua na matumbo yaliyokoroga unga usioiva. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa upande wa Waingereza peke yake ni zaidi ya wapagazi 90,000. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na vijiji vilivyokaushwa ghala na pande zote mbili vilizika wa kwao bila kuhesabiwa na mtu.

Ukitaka mnara ambao serikali ya kikoloni ilikusudia uitwe mnara, nenda Posta, makutano ya Samora na Azikiwe. Yule askari wa shaba mwenye bunduki, singe akiielekeza upande wa bandari, alizinduliwa mwaka 1927. Kabla yake eneo hilo lilikuwa na Mjerumani, sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa koloni, iliyowekwa mwaka 1909, chini yake askari mweusi akimtazama bwana wake juu. Waingereza waliing'oa na ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Huyu wetu ni askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kikosi cha Waafrika katika jeshi la Waingereza, upande ulioshinda. Mzee wa Kisukuma au Kinyamwezi aliyepigana chini ya bendera ya Mjerumani hakukusudiwa hapo. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya msingi kuwa miguu na mikono ya jeshi, maneno ya kupendeza, yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Nairobi angalau walimpandisha mpagazi kwenye msingi pamoja na wenzake.

Mimi nilidhani habari inaishia hapo mpaka siku niliyokwama kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, kama kilomita 5 kutoka mjini, nikageuza shingo nikaona nyasi zilizofyekwa vizuri kuliko uwanja wowote wa mpira wa mtaani kwetu. Nimepita pale miaka. Ni makaburi ya vita. Yalitengenezwa mwaka 1968, barabara mpya ilipohitaji nafasi na makaburi 660 ya Ocean Road yakalazimika kuhamishwa. Ndani yake pia kuna kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi waliokufa bila kaburi kujulikana. Jina moja moja, limechongwa.

Waafrika nao walihamishwa mwaka huo. Ila kule Ocean Road makaburi yao hayakuwa yamewekwa alama ya kila mmoja, Wakristo kwa Waislamu. Wachimbaji walipofika, hapakuwa na namna ya kujua nani ni nani, wakazikwa upya kwa pamoja, na ukuta ukajengwa kuonyesha kwamba wako hapo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba waliokufa wapatao 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Foleni ikasogea, dereva wa nyuma akanipigia honi. Nilikuwa naenda Kariakoo.