Kuzungusha skani bila kukata: maana yake nini?

Kuzungusha bila kukata ni kuigeuza picha ya karatasi iliyoskaniwa mpaka mistari ya maandishi ikae sawa, huku karatasi yote, kona kwa kona, ikibaki ndani ya picha. Ungedhani kila programu hufanya hivyo. La hasha, na zile zinazokata hukata kimyakimya.

Picha ya kompyuta ni mstatili ambao pande zake hazilali upande hata siku moja. Unapozungusha, kinachogeuka ni karatasi iliyomo ndani, fremu haigeuki. Fikiria mkeka uliojaa chumba toka ukuta hadi ukuta: ukiusogeza kidogo tu kwa kuuzungusha, kona zinapanda ukutani. Hapo programu ina njia mbili, ama ipanue chumba, ama ikate mkeka.

Tuchukue karatasi ya A4 iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi. Picha yake ina upana wa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 2480 na urefu wa 3508. Karatasi imeijaza picha kona kwa kona, lakini maandishi yake yameinama nyuzi 2, jambo la kawaida kabisa. Ili yakae sawa bila kupoteza kitu, fremu inahitaji upana wa pikseli 2601 hivi na urefu wa karibu 3593. Programu ikibaki na fremu ya zamani, kila kona inavuka mpaka: kwa pembeni hadi milimita 5, na kwa juu au chini zaidi kidogo ya milimita 3.5. Kwa barua yenye pambizo pana hutaona tofauti. Lakini cheti cha kuzaliwa chenye namba iliyochapwa kwenye kona, au mkataba wenye muhuri uliogongwa ukingoni, hizo milimita 5 ndizo zenyewe. Anayepokea hati akiona nusu ya muhuri, anaweza kuikataa.

Kinachohitajika, basi, ni kupanua fremu kabla au wakati wa kuzungusha. ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za kuandika, hufanya hivyo yenyewe ukitumia amri ya -rotate. Pillow, maktaba ya picha ya lugha ya programu ya Python, haifanyi mpaka uiambie expand=True; ukisahau, inakata bila onyo lolote. GIMP, programu ya kuhariri picha, ina mtego wake: kwenye zana ya kuzungusha, chaguo la Adjust hupanua leya (tabaka lenye picha yako), lakini turubai, yaani eneo linalotoka kwenye faili, linabaki na ukubwa ule ule, kwa hiyo faili unalotoa bado limekatwa. Lazima uende menyu ya Image uchague Fit Canvas to Layers. Programu nyingi za simu zina kitelezi cha kunyoosha picha, na hicho nakishauri ukiepuke kabisa kwa hati. Kimetengenezwa kwa ajili ya picha za mandhari: hukuza picha na kufyeka kingo zote ili kona tupu zisionekane.

Kugeuza kwa nyuzi 90, 180 au 270 ni habari nyingine. Hapo upana na urefu hubadilishana nafasi tu, au kwa nyuzi 180 hubaki vilevile, hakuna kona inayochomoza. Mara nyingi hata pikseli haziguswi: faili la PDF au la JPEG huandikiwa tu alama inayosema lionyeshwe limegeuzwa, ndiyo maana hati inasimama vizuri kwenye simu yako kisha inalala ubavu kwenye kompyuta ya mwenzako, ambayo haikuisoma alama hiyo. Baadhi ya programu hugeuza JPEG bila kuibana upya kwa kuhamisha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Urefu wa 3508 haugawanyiki kwa 8, zinabaki safu 4, na programu inaweza kuzikata ili hesabu ikae. Ni kama theluthi ya milimita, usihangaike nayo.

Fremu ikishapanuka, kona hubaki na pembetatu tupu. Baadhi ya programu huzijaza rangi nyeusi, na ukichapisha hati hiyo utateketeza wino bure. Chagua nyeupe: kwa ImageMagick ni -background white ikitangulia -rotate, kwa Pillow ni fillcolor. Na kama skani ni ya nyeusi na nyeupe tupu, ibadilishe kwanza iwe ya kijivu, maana bila vivuli vya katikati herufi zilizozungushwa hutoka na kingo za meno ya msumeno.

Mwisho, kila mzunguko usio wa nyuzi 90, 180 au 270 hukadiria pikseli upya na kulegeza herufi kidogo. Ukizungusha nyuzi 2 ukaona zimezidi, usirudishe nusu nyuzi juu ya ile ile. Fungua faili la awali uzungushe nyuzi moja na nusu kwa mkupuo.